Umeziba Baridi, Hewa Itapitia Wapi?

Mpangaji akipeleka malalamiko kwamba ukuta wa chumba cha watoto umeota kuvu, jibu analopata hapa Uingereza mara nyingi ni karatasi ya mawaidha. Fungua madirisha. Usianike nguo ndani. Funika sufuria unapopika. Panguza ukuta kwa dawa. Mawaidha hayo si ya uongo, na mimi mwenyewe huwapa watu baadhi yake. Lakini yameruka swali lililostahili kutangulia: hewa safi inaingia nyumba hii kupitia wapi, chafu inatokea wapi, na ni kiasi gani kwa sekunde?

Hewa ndiyo kazi yangu. Napima feni za bafuni na jikoni, nasafisha mabomba ya hewa, nabadilisha vichujio, zaidi katika nyumba za kupanga za miji ya kaskazini mwa England. Humo nakutana na Wakongo, Warundi, Wabajuni, watu wa Tanga na wa Unguja, na tukishasalimiana tu kwa Kiswahili, kinachofuata ni kuoneshwa kona. Kila nyumba ina kona yake: nyuma ya kabati la nguo, juu ya dirisha la bafu, chini ya kitanda kilichosukumwa hadi ukutani. Kinachoniuma ni aibu wanayokuwa nayo. Mama mtu mzima, nyumba inang'aa, sakafu unaweza kuilia chakula, ananieleza kwa sauti ya chini kwamba yeye si mchafu.

Najua si mchafu. Ninachoamini, na ndicho kilichonifanya niandike haya, ni kwamba kuzuia joto lisitoke na kuingiza hewa safi ni kazi moja. Aliyekuzibia nyumba bila kukuwekea njia ya hewa ameiacha kazi nusu, na hiyo nusu iliyobaki haifai kubebeshwa mpangaji na sufuria zake.

Nyumba za zamani za matofali mekundu, zile zilizopangwa safu kwa safu Oldham, Rochdale na Bolton, hazikujengwa zizibwe. Vyumba vilikuwa na meko ya makaa ya mawe, na juu ya meko palikuwa na dohani. Moto ukiwaka, hewa ya moto ilipanda kwenye dohani ikivuta nyingine chini ya mlango, kwenye nyufa za sakafu ya mbao na pembeni mwa madirisha. Watu walikaa moto usoni na baridi mgongoni, lakini hewa ya nyumba ilikuwa ikibadilika saa zote. Kisha ukaja moshi mzito wa London wa Desemba 1952, ulioua maelfu ya watu, na Sheria ya Hewa Safi ya 1956 ikaanza kuyaondoa makaa ya mawe majumbani. Gesi ya Bahari ya Kaskazini ikafuata. Kazi ya kubadilisha majiko ya nchi nzima yaipokee ilianza 1967 ikaisha 1977. Meko yakazibwa kwa mbao na plasta. Yakaja madirisha ya plastiki yenye vioo viwili, sufi nzito darini ya kuzuia joto lisitoke, povu ndani ya kuta.

Kila hatua ilikuwa na faida yake. Nyumba zikapata joto, moshi ukaisha mitaani, mafuta na gesi vikaokolewa. Ila dohani ilikuwa na kazi mbili, kutoa moshi na kubadilisha hewa, na ilipozibwa, ile kazi ya pili hakukabidhiwa mtu.

Marekani walipitia jambo hilohilo maofisini. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, wahandisi walitafuta pa kubana, na hewa ya nje, ambayo lazima ipashwe moto au ipozwe kabla ya kuingizwa, ikaonekana ni gharama tu. Kiwango cha mwaka 1981 cha ASHRAE, chama cha wahandisi wa kazi hiyo, kiliruhusu ofisi isiyovutwa sigara ipate futi 5 za ujazo za hewa ya nje kwa dakika kwa kila mtu. Hiyo ni kama lita mbili na nusu kwa sekunde. Kufikia 1984 kamati ya Shirika la Afya Duniani ilikuwa ikieleza kwamba hadi asilimia 30 ya majengo mapya na yaliyokarabatiwa huenda yanalalamikiwa kupita kawaida: vichwa kuuma, macho kuwasha, koo kukauka, usingizi wa mchana, dalili ambazo mtu akitoka nje zinapotea. Mwaka 1989 kiwango cha ofisi kikapandishwa hadi futi 20, mara nne ya kile cha 1981. Walioumwa katika miaka ile hawakuwa wavivu wala wenye kujidekeza. Walikuwa wanapumua hewa iliyokwishapumuliwa na wenzao.

Maofisini shida kubwa ilikuwa hewa iliyochoka. Majumbani, katika nchi ya baridi, shida kubwa ni maji, na hapo nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu tuliotoka nchi za joto tunapopotea.

Hewa ina kipimo chake cha kubeba maji, na kipimo hicho hufuata joto. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17 za mvuke. Ikizidi hapo maji yanajitenga yakalowanisha kioo au ukuta. Hewa yenye nyuzi 5 hubeba kama gramu 7 tu. Sasa chukua siku ya Januari hapa Manchester: mvua inanyesha, anga limeinama, kila kitu kimelowa. Hewa ya nje imeshiba maji kabisa, lakini shibe yake ni gramu 7. Iingize ndani, ipashe moto hadi nyuzi 20. Maji yaliyomo ni yaleyale gramu 7, ila uwezo wa kubeba sasa ni 17, kwa hiyo unyevu wake umeshuka hadi karibu asilimia 40. Hiyo ni hewa kavu. Itakunywa maji ya kuta zako na kutoka nayo.

Mtu wa pwani hawezi kulijua hili kwa uzoefu wake. Dar es Salaam mwezi wa Machi, joto nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, kila mita ya hewa ya nje ina zaidi ya gramu 22 za maji. Ukiifungulia dirisha la chumba chenye kiyoyozi, unakaribisha maji ndani. Huku mambo yamegeuka: hewa ya mvua ya nje ni kavu kuliko ya jikoni kwako. Nimewaeleza watu wengi jambo hili mezani kwao, kwa kalamu na bahasha ya bili, na karibu kila mmoja alikuwa akifunga madirisha siku ya mvua ili unyevu usiingie. Walikuwa na akili timamu. Waliongozwa na maarifa ya nchi nyingine.

Na hayo maji ya ndani yanatoka kwetu sisi wenyewe. Tunapumua, tunaoga, tunatawadha, tunapika, tunafua. Familia ya watu wanne hutia hewani kiasi cha lita 10 za maji kwa siku bila kumwaga hata kikombe. Nguo za mashine moja zikianikwa sebuleni huachia kama lita mbili. Maharage yanachemka toka mchana mpaka magharibi. Jiko la gesi lenyewe, hata bila sufuria, huzalisha mvuke linapowaka, pamoja na oksidi za naitrojeni, gesi zinazowasumbua wenye pumu. Hakuna hata tendo moja hapo la uzembe. Ndivyo watu wanavyoishi.

Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kutoa maji ikigusa kitu chenye nyuzi 12. Kuvu haisubiri hata matone. Ikipata ukuta ambao hewa inayougusa imefika unyevu wa asilimia 80 kwa siku kadhaa, inaota, na kwa hewa hiyohiyo ya asilimia 60 ukuta wa nyuzi 15 unatosha. Ndiyo maana inapenda nyuma ya kabati: pale joto la hita halifiki, hewa haizunguki, ukuta unabaki baridi. Kuondoa kabati sentimita chache kutoka ukutani kunasaidia kweli. Hata hivyo kunahamisha tatizo tu ikiwa zile lita 10 hazina pa kutokea.

Awaab Ishak alizaliwa Desemba 2018. Wazazi wake walitoka Sudan, na familia iliishi Rochdale katika fleti ya chumba kimoja cha kulala iliyokuwa ya shirika la nyumba la Rochdale Boroughwide Housing. Baba yake alianza kulalamikia kuvu mwaka 2017, kabla mtoto hajazaliwa, akaambiwa apake rangi juu yake. Awaab alifariki tarehe 21 Desemba 2020, siku chache baada ya kutimiza miaka miwili. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo, Joanne Kearsley, alitoa uamuzi kwamba kilichomuua ni maradhi ya njia ya pumzi yaliyotokana na kukaa muda mrefu kwenye kuvu. Na kuvu ile, uchunguzi ulieleza, ilitokana na shughuli za kawaida za maisha ya kila siku, pamoja na kukosekana kwa njia ya hewa inayofanya kazi.

Shughuli za kawaida. Nimeyarudia maneno hayo mbele ya watu wengi, kwa sababu yalitamkwa rasmi baada ya mtoto kufa, wakati baba yake alikuwa akiomba msaada kwa miaka. Shirika lenyewe lilikiri baadaye kwamba lilikuwa limejijengea dhana kuhusu mtindo wa maisha wa familia. Dhana hizo nazisikia mpaka leo milangoni, kutoka kwa watu wanaonisindikiza kwenye ukaguzi: wanachemsha sana hawa, wanaoga kwa ndoo, wako wengi ndani. Mwaka mmoja kabla ya uamuzi wa Rochdale, Oktoba 2021, mamlaka inayosikiliza malalamiko ya wapangaji wa mashirika ya nyumba hapa England ilikuwa imekwishatoa ripoti ikiwataka wenye nyumba waache kujificha nyuma ya mtindo wa maisha. Wapo waliosikia. Wapo ambao karatasi yao ya mawaidha haijabadilika.

Nikifika nyumba yenye kuvu, huanza na feni. Kanuni za ujenzi za England zinataka feni ya bafuni ivute lita 15 kwa sekunde, ya jikoni 30 ikiwa juu ya jiko la kupikia na 60 ikiwa kwingine, na kwa toleo la 2021, nyumba ya vyumba viwili vya kulala ibadilishiwe hewa angalau lita 25 kwa sekunde saa zote. Naiwasha feni, inanguruma vizuri, napandisha kipimo juu yake, kinasoma 4. Wakati mwingine 3. Mwenye nyumba anasema feni ipo na inafanya kazi, na kwa sikio lake ni kweli.

Napanda darini. Mara nyingi nakuta bomba laini la kujikunja limetandazwa mita nne wakati lilihitaji moja na nusu, limelegea katikati, na pale lilipolegea mvuke umepoa ukawa maji, maji yameziba njia. Au bomba halifiki nje. Linamwaga mvuke wa bafu juu ya mbao za paa. Nikishuka naangalia mapanga ya feni, vumbi limeyavika koti. Naangalia swichi iliyo juu ya mlango wa bafu, mtu ameizima kwa sababu ya kelele au ya kuogopa bili, na hakuna aliyemwambia inafanya nini. Naangalia chini ya mlango: feni haiwezi kuvuta hewa ambayo haina pa kupita, kwa hiyo mlango unatakiwa uachie nafasi ya milimita 10 juu ya zulia, na zulia jipya nene limeimaliza yote. Naangalia vile vitundu vyembamba vilivyo juu ya fremu za madirisha. Vimepakwa rangi vikaganda.

Kama huna fundi, chukua karatasi moja ya chooni, funga mlango wa bafu, washa feni, iguse karatasi kwenye uso wake uiachie. Isiposhikwa ikaanguka, piga simu leo. Ikishikwa, umejua kwamba inavuta. Ni kiasi gani inavuta lazima kipimo kiseme.

Kuhusu bili, hofu ile naielewa, na nina namba za kuijibu. Feni za siku hizi zinazokwenda taratibu usiku na mchana hutumia wati 4 hivi. Kwa mwaka mzima bila kuzimwa ni kilowati-saa 35, ambazo kwa bei ya peni 27 hazifiki paundi 10. Kopo moja zuri la rangi ya kuzuia kuvu ni ghali kuliko hapo.

Kuna mama mmoja wa Lamu, umri umempita mama yangu, ambaye nilimkuta ameziba vitundu vyote vya madirisha kwa gundi ya karatasi.

“Shikamoo, mama. Vitundu hivi vimezibwa na nani?”

“Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye niloviziba. Si baridi yaingia? Na kitanda kiko papo hapo chini, wataka nilale upepo wanipiga kichwani?”

“Na hita, mama, unaiwasha saa ngapi?”

“Asubuhi kidogo, na jioni wajukuu wakirudi. Gesi ghali.”

Ningemwambia nini? Chumba kilikuwa kidogo, kitanda hakikuwa na pengine pa kukaa, na aliyeweka tundu la baridi sentimita chache juu ya kichwa cha mtu alikuwa ameshalikosea tundu hilo. Mwenye nyumba alikubali tubadilishe feni ya bafu, tukaweka ile ya taratibu isiyosikika, bomba likanyooshwa, mlango ukapunguzwa chini. Vitundu vya sebuleni vikafunguliwa, cha juu ya kitanda tukakiacha nusu. Kipimo cha unyevu nilichomwachia kilikuwa kikisoma zaidi ya 70. Wiki chache baadaye alinipigia kuniambia kinasoma 56, na kwamba vioo havilii tena asubuhi. Ukuta ulibaki na baridi yake, kwa kuwa gesi haikushuka bei. Hewa peke yake haitoshi. Nyumba inataka joto pia, na ndiyo sababu siko upande wa wanaosema kuziba ndiko kulikotuletea balaa. Ukuta ulioshonewa sufi vizuri unabaki na joto, na ukuta wenye joto hauoti kuvu. Nataka nyumba zizibwe. Nataka zizibwe na watu wanaojua kwamba baada ya kuziba kuna kazi.

Watu hao wamekuwepo muda mrefu. Mwaka 1977 Regina, katika mkoa wa Saskatchewan huko Kanada, mahali ambapo baridi hushuka chini ya nyuzi 30 hasi, Harold Orr na wenzake walijenga nyumba ya majaribio iliyozibwa kiasi kwamba haikuhitaji tanuri la kupashia joto. Tangu siku ya kwanza walijua nyumba kama ile ingewakosesha watu pumzi, wakaiwekea chombo cha kubadilishana joto. Ndani yake hewa chafu inayotoka na hewa safi inayoingia hupita pande mbili za kuta nyembamba bila kuchanganyika, na joto likahama kutoka moja kwenda nyingine. Ni kama watu wawili wanaopishana kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe, mmoja akimkabidhi mwenzake mzigo bila yeyote kusimama. Hewa safi inafika chumbani ikiwa imeshapata vuguvugu, na mtu halali tena na upepo kichwani.

Mwaka 1991 huko Darmstadt, Ujerumani, Wolfgang Feist aliikamilisha nyumba ya kwanza ya kile kinachoitwa Passivhaus, kwa msingi wa kazi aliyoifanya na Bo Adamson wa Sweden. Kanuni yao inataka nyumba iwe imezibwa hivi kwamba ukiisukuma kwa mgandamizo wa paskali 50, hewa itakayovuja kwa saa isizidi asilimia 60 ya hewa yote ya ndani. Chombo cha kubadilishana joto ni sehemu ya nyumba yenyewe, kama paa. Na asiseme mtu kwamba hayo ni mambo ya matajiri: mwaka 2019 tuzo ya Stirling, ambayo hapa Uingereza ni kilele cha usanifu majengo, ilikwenda Goldsmith Street mjini Norwich, nyumba 105 za halmashauri zilizojengwa kwa kanuni hiyo. Wapangaji wa kawaida. Kila nikisikia haiwezekani huwataja hao wa Norwich.

Mashine hizo za kubadilishana joto zinataka matunzo, na hapa naongea na wanaohamia fleti mpya. Vichujio vibadilishwe mara moja au mbili kwa mwaka. Vikijaa, mashine inahangaika, inapiga kelele, mtu anaizima. Nyumba iliyozibwa kwa kiwango kile ikizimiwa mashine ni mbaya kuliko ya zamani inayovuja. Ukihamia, ulizia chombo hicho kiko wapi, kinafunguliwaje, na nani analipia vichujio.

Kuna na usiku. Mwaka 1858 Max von Pettenkofer wa Munich alipendekeza kwamba hewa ukaa ndani ya chumba isizidi sehemu 1,000 kwa milioni, na mpaka leo watu wa kazi hii tunaitumia namba hiyo. Nje ya nyumba sasa ni 420 na ushei. Watu wazima wawili wakilala chumba kidogo, mlango umefungwa na dirisha limefungwa, kipimo kinapita 2,000 kabla ya alfajiri. Kiasi hicho si sumu. Ni dalili kwamba kila kitu kingine kinachotoka mwilini na kwenye vitu vya chumbani kimejikusanya vivyo hivyo, pamoja na virusi ikiwa mmoja ana mafua. Kuuacha mlango wa chumba wazi kidogo, feni ya bafu ikienda taratibu, huishusha namba hiyo sana.

Na udi. Najua ninagusa mahali pa kupendwa, nami nyumbani kwangu Ijumaa bila udi siioni Ijumaa. Lakini kaa lililowaka chetezoni hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi inayoua, na moshi wa udi na ubani wenyewe ni vumbi laini linaloingia ndani kabisa ya mapafu. Katika nyumba ya Lamu yenye dari refu na ua katikati, moshi ule ulijiendea zake. Katika fleti iliyozibwa hauna pa kwenda. Fukiza dirisha likiwa wazi, watoto wachanga na wenye pumu wakiwa chumba kingine, kisha toa chetezo nje. Chetezo cha umeme kinaondoa lile kaa, ingawa moshi unabaki. Jiko la mkaa la kuchomea nyama lisiingie ndani hata likiwa limezima. Majivu ya moto bado yanatoa gesi ile.

Hewa ya nje nayo si safi kila mahali. Tarehe 16 Desemba 2020, siku tano kabla Awaab hajafa, mchunguzi wa vifo wa London alitamka kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo cha Ella Adoo-Kissi-Debrah, msichana wa miaka tisa mwenye pumu aliyefariki 2013 akiishi karibu na barabara ya South Circular. Anayeishi juu ya barabara kubwa afungue madirisha ya upande wa pili, au saa ambazo magari ni machache. Yeye hasa ndiye mwenye haki ya mashine yenye vichujio.

Kwa miaka kadhaa serikali na makampuni ya nishati yamekuwa yakilipia kuta zivikwe sufi, na watu wetu wengi wamestahili. Oktoba 2025 ofisi ya taifa ya ukaguzi wa hesabu ilieleza kwamba katika mpango huo asilimia 98 ya nyumba zilizovikwa sufi kwa nje zilikuwa na kasoro kubwa zinazohitaji kurekebishwa, ambazo zikiachwa huleta unyevu na kuvu. Zilikuwa nyumba kati ya 22,000 na 23,000. Miongozo ya kazi ilikuwepo. PAS 2035, mwongozo wa Uingereza wa kazi hizi za kuziba nyumba, tangu 2019 unataka njia za hewa zikaguliwe kabla ya kuziba. Kazi ilifanywa haraka, na watu walioifanya walilipwa.

Sheria iliyopewa jina la Awaab ilianza kutumika England tarehe 27 Oktoba 2025 kwa nyumba za mashirika na halmashauri. Hatari ya dharura lazima ishughulikiwe ndani ya saa 24. Unyevu na kuvu vinavyohatarisha afya vichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, mpangaji apewe matokeo kwa maandishi ndani ya siku 3 za kazi baada ya uchunguzi, na nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi baada ya uchunguzi huo. Wapangaji wa watu binafsi sheria iliyopitishwa mwezi huohuo imewaahidi ulinzi kama huo, ila bado haujaanza kwao.

Kwa hiyo ukilalamika, lalamika kwa maandishi. Weka tarehe, weka picha, weka namba za kipimo cha unyevu, ambacho hupatikana kwa paundi chache. Taja kama kuna mtoto, mzee au mwenye pumu. Usiombe rangi, omba feni zote zipimwe, na uandikiwe lita kwa sekunde za kila moja. Wakija kukuzibia kuta, kabla hujaweka sahihi waulize ni nani aliyekagua njia za hewa, vitundu vya madirisha vitakuwa wapi, milango itapunguzwa chini kiasi gani. Wakishamaliza, wadai karatasi ya vipimo vya hewa kabla hawajaondoa ngazi zao, na nakala moja umpe kijana wako anayesoma Kiingereza vizuri aihifadhi.